Mama, Sogea Kidogo: Kumbukumbu ya Yoramu Mihayo, Mpiga Picha wa Tabora

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Mlioketi barazani mwa duka, mlio jikoni, na wewe uliyesimama dirishani kwa jirani kwa kuwa kwako redio haijafika, sogea nawe usikie. Mimi ni Yahaya Mrisho, na leo sauti yangu si ile mliyoizoea. Mnisamehe. Nimerudi juzi kutoka kwetu Tabora, na nimerudi na majonzi.

Bwana Yoramu Mihayo amefariki dunia. Narudia kwa waliochelewa: Bwana Yoramu Mihayo, mpiga picha wa mjini Tabora, amefariki dunia masika haya ya mwaka huu wa hamsini na nane. Amezikwa kwao Sikonge. Ameacha mjane, Bibi Leonia, na watoto. Ameacha pia mbuga moja yenye maji iitwayo Ilomelo, na habari yangu ya leo ni ya mtu huyo na mbuga hiyo.

Watu wa Tabora hamna haja ya kuelezwa Yoramu alikuwa nani. Wengine nawaeleza. Studio yake ilikuwa karibu na soko. Chumba kimoja tu, na ukutani turubai lililochorwa ngazi na maua ya Ulaya ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyaona. Nyuma ya mlango kulikuwa na msumari, na kwenye msumari lilining'inia koti jeusi la sufu. Koti hilo lilikuwa la wateja. Ukija na shati lako la shamba, Yoramu anakuvika koti, anakufunga tai, anakuketisha, kisha anakwambia, "Usipepese." Jamani, Tabora nzima imepigwa picha ndani ya koti lile! Mabwana harusi, makarani, wachukuzi wa stesheni, wazee wa baraza. Mimi mwenyewe nilipigwa siku niliyopata kazi hii ya redio, na mikono ya koti ilinifika kwenye kucha. Mama yangu ameitundika picha hiyo sebuleni. Akiwaambia wageni, "Mwanangu huyo," wao hujibu, "Tunamwona, na koti la Yoramu tunaliona."

Haya basi. Tuanze mwanzo.

Yoramu alizaliwa Sikonge, katika nyumba ya Wamoravia. Baba yake alikuwa mrina asali, wiki nzima yuko porini na mizinga yake. Aliyemlea hasa ni babu yake, na babu huyo alikuwa mpagazi wa misafara zamani zile. Alibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka pwani, na bega lake la kulia lilikuwa na sugu mpaka anaingia kaburini. Hakupenda kusimulia vita wala simba. Alipenda kusimulia mahali pamoja tu. Bibi Leonia alilisikia jambo hilo kwa mumewe mara nyingi mpaka akalijua kwa moyo, naye alinikariria hivi: "Babu alisema, ukitoka Ujiji na mzigo unawasikia vyura wa Ilomelo kabla hujaiona Ilomelo. Pale hakuna anayekuambia tua. Mzigo unajitua wenyewe."

Ilomelo iko magharibi ya Tabora, kando ya njia ile ile ya misafara. Wakati wa kiangazi ni nyasi na madimbwi. Masika yakiingia, maji yanaenea mpaka unadhani Mungu ameweka ziwa pale kwa siri.

Yoramu alikuja mjini akiwa kijana, akapata kibarua kwa Mgoa mmoja mpiga picha. Kwanza aliosha chupa za dawa. Baadaye akaingizwa chumba cha giza, akafundishwa kusafisha picha, na Mgoa aliporudi kwao alimwachia kamera na turubai la maua. Koti alilinunua mwenyewe. Akaoa Leonia, binti wa Kikatoliki, na wazee wa pande zote mbili wakanuna kwanza kisha wakala pilau. Maisha yakaenda.

Sasa sikilizeni ilivyoanza. Asubuhi moja Yoramu alikuwa anarudi kutoka harusini, upande wa Urambo, na baiskeli yake ikapata pancha. Ikapata pancha wapi? Ilomelo. Masika yalikuwa yamejaa. Aliinua kichwa kutoka kwenye gurudumu, akaona maji meupe kwa yungiyungi mpaka macho yanapoishia, na korongo taji wawili wanacheza ngoma yao, mmoja anaruka, mwenzake anainama. Ndani ya kamera ilibaki nafasi ya picha moja. Akaingia majini na viatu vyake vya harusi.

"Alirudi nyumbani ana matope mpaka kiunoni," Bibi Leonia aliniambia. "Anacheka peke yake. Nikasema moyoni, leo mume wangu amekunywa."

Hakunywa. Alikuwa ameona kitu. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya ibada, Yoramu alifunga kamera yake nyuma ya baiskeli, miguu mitatu ya kamera begani, akashika njia ya Ilomelo. Alisimama majini saa nzima, saa mbili, akimsubiri ndege mwari mmoja afungue bawa. Aliumwa na ruba, akawaacha washibe ili asitikise maji. Picha zake akazitundika kwenye dirisha la studio, mahali ambapo wenzake huweka maharusi.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliosimama dirishani pale. Niseme kweli? Sisi watoto wa mjini mbuga kwetu ilikuwa tope, mbu na homa. Basi. Nikaona picha ya alfajiri: matete, ukungu umekaa juu ya maji, na yangeyange mmoja mweupe amesimama kwa mguu mmoja. Nilisimama nikachelewa sokoni, mama akanigombeza. Lakini tangu siku hiyo sijaita mbuga tope. Nilijua kwamba tuna kitu kizuri saa chache tu kwa baiskeli, na hatukuwa tumekitazama.

Lakini wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo palipokuwa na kasoro, nami siwezi kuificha kwa sababu mwenyewe hakuificha.

Ilomelo haikuwa tupu. Kulikuwa na watu pale asubuhi na jioni. Wanaume walitega migono yao ya kambare. Wanawake walikata matete ya mikeka. Na kundi la wanawake wafinyanzi walichimba udongo, wakiongozwa na mama mmoja anayeitwa Nyamizi. Kumbukeni jina hilo, Mama Nyamizi. Kama umewahi kunywa maji ya baridi Tabora, ulikunywa kutoka mtungi wake. Kila Yoramu akitega kamera, watu hawa walikuwa mbele yake. Mmoja anainama, mwingine anapita na jembe, mwingine anaimba. Naye alikuwa na neno lake moja, la upole kabisa, kofia mkononi: "Mama, sogea kidogo."

Nao wakasogea. Mama, sogea kidogo. Mzee, nipishe dakika moja. Wakasogea miaka nenda miaka rudi.

Msimhukumu upesi. Mtu huyu kutwa kazini alipiga watu. Watu kwa koti, watu kwa tai, watoto wanaolia, bibi harusi aliyenuna. Kule mbugani alitaka maji yake na ndege wake, peke yao. Lakini kwetu sisi picha ni mtu. Picha isiyo na mtu imeharibika. Wateja walikuwa wakiishika picha ya Ilomelo, wanaigeuza nyuma kumtafuta mtu, halafu wanamwonea huruma: "Pole, Bwana Yoramu. Mtu alitoka kabla hujabonyeza!" Bibi Leonia naye alimwambia wazi, "Mume wangu, weka mtu." Akamjibu, "Leonia, watu wamejaa mjini."

Basi ukaja mpango wa pamba. Wa nani, silitaji jina, maana waliouleta hawapo tena wilayani na mimi si hakimu. Mpango ulikuwa huu: uchimbwe mfereji, Ilomelo ikaushwe, ilimwe pamba. Shauri likapelekwa mbele ya baraza la mtemi. Yoramu aliposikia hakulala raha. Alisema, wakiona picha zangu hawatathubutu. Akachagua zile nzuri kuliko zote, akazibandika kwenye karatasi nene, akavaa shati jeupe, akaenda.

Aliyenisimulia siku hiyo ni Mzee Lugembe, mzee wa baraza, ambaye yeye mwenyewe hutega migono Ilomelo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaanza.

"Picha zilizunguka mkono kwa mkono," alisema. "Nzuri, bwana, nzuri mno. Halafu yule ofisa wa pamba akazipokea, akazitazama zote, tena kwa adabu. Akasema, namshukuru bwana mpiga picha. Amefanya kazi yangu iwe nyepesi. Nimetazama picha zote hizi, sikuona mtu, sikuona nyumba, sikuona jembe. Mahali hapa ni patupu, na mpiga picha wenu ndiye shahidi."

Nikamuuliza, "Na ninyi wazee, mbona hamkubisha? Wewe si una migono yako pale?"

"Tubishe nini, mwanangu? Picha ya Yoramu ilikuwa mbele yetu. Na Tabora nzima inajua picha ya Yoramu haisemi uongo. Mimi alinipiga, na kovu langu la shavuni likatoka vile vile lilivyo. Nilisimama nikasema, jamani natega samaki pale. Yule bwana akaniambia, nionyeshe wapi. Nikatazama picha, nikajitafuta. Simo."

Na wanawake je? Wanawake hawakuitwa. Ikaamuliwa nusu ya juu ya Ilomelo ikaushwe kwanza. Nusu ya chini ingejadiliwa baadaye.

Yoramu alitoka nje amezikumbatia picha zake. Chini ya ukuta wa baraza walikuwa wameketi wafinyanzi, wakingoja habari. Mama Nyamizi akainuka. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Wewe ndiye uliyenitoa kwanza, baba. Hawa wamefuata tu."

Lo! Neno lile. Bibi Leonia anasema mumewe alilikariri usingizini.

Mfereji ukachimbwa kiangazi kile. Maji ya nusu ya juu yakaondoka, na mimi nasikia uchungu hata kuyasimulia. Kambare walijikusanya kwenye madimbwi ya mwisho, wamelaliana. Korongo walikula mpaka wakashindwa kuruka, kisha wakahama. Udongo wa ufinyanzi ukapasuka. Pamba ikastawi msimu wa kwanza, watu wakapiga vigelegele. Msimu wa pili haikufika magotini. Na visima vya vijiji vya jirani, ambavyo havijawahi kukauka tangu enzi za misafara, vikaanza kutoa tope kabla kiangazi hakijafika katikati. Hapo ndipo watu walipojua mbuga ile ilikuwa inawawekea maji. Walijua kwa ndoo, wakati imekwisha kauka.

Yoramu alizitoa picha zote dirishani, akazifunga ndani ya kanga kuukuu ya mkewe. "Nilidhani atazichoma," Bibi Leonia alisema. "Nikamficha kiberiti. Akaniambia, usijisumbue, Leonia. Picha hazina kosa. Ni mimi niliyewatoa watu."

Basi alifanya nini? Alirudi Ilomelo, nusu ile ya chini iliyobaki, ambako wafinyanzi walikuwa wamehamia. Alirudi bila kamera. Akamwomba Mama Nyamizi radhi, na akamwomba ampige picha pamoja na wenzake, wakiwa kazini. Mama Nyamizi akamjibu bila kuinua kichwa, "Mimi nimekwisha kusogea."

Akarudi Jumapili ya pili. Akakataliwa. Ya tatu akavua viatu, akachukua jembe, akawachimbia udongo. Akabeba vikapu vya udongo kichwani mpaka njia panda, bwana mzima, mwenye studio yake mjini! Watu wakamcheka. Mkewe naye alimcheka, "Mpiga picha bila kamera ni mpita njia tu, baba Benedikta." Alicheka naye, Jumapili akaenda tena. Alibeba udongo mwaka mzima na zaidi, na katika kubeba akajua vitu ambavyo miaka yote jicho lake lilivipita. Udongo upi unafaa mtungi na upi unafaa chungu. Kwa nini hukati matete mahali mwari wanapolalia mayai. Kwa nini mgono unatazama huku na si huku.

Siku moja Mama Nyamizi akamwambia, "Hebu lete hilo sanduku lako Jumapili ijayo. Lakini tupige tunavyotaka sisi."

Hapa nimecheka, wasikilizaji, nanyi chekeni kidogo, maana yeye mwenyewe alicheka. Yoramu alifika na kamera yake akitegemea kuwakuta wameinama kwenye tope. Hakuwakuta hivyo. Aliwakuta wameoga, wamepaka mafuta, wamevaa kanga mpya na vilemba, na mmoja amevaa viatu vya kanisani. Wamejipanga ndani ya maji, wima, mikono imenyooka, nyuso zimekaza. Hakuna aliyepepesa! Kwani si alitufundisha mwenyewe? Mtu akipigwa picha huvaa. Yoramu alifungua kinywa awaambie wavue viatu, wachukue majembe, wajifanye hawamwoni. Halafu akakifunga. Akasema, "Simameni mnavyotaka, mama zangu." Akabonyeza.

Nimeziona picha hizo. Mama Nyamizi amesimama kwenye yungiyungi kama yuko mbele ya askofu, mtungi mpya kichwani, maji magotini. Nyuma yake korongo taji wanacheza, wala hana habari nao. Mke wa Mzee Lugembe ameshika mgono kifuani utadhani ni mtoto mchanga. Kila mmoja anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Na Ilomelo iko pale pale, maji yake, ukungu wake, ndege wake. Mimi nilidhani hakuna picha nzuri kuliko yule yangeyange wa ujana wangu. Nilikosea.

Mwaka jana ikajulikana kwamba shauri la nusu ya chini litarudi barazani masika yakiisha. Yoramu akaanza kukimbizana na wakati. Alikuwa ameanza kukohoa. Daktari alimwambia akae mbali na maji, na mkewe alimficha viatu. Akaenda pekupeku. Alitaka kila mtu wa Ilomelo awemo. Wakata matete, wategaji, watoto wanaovua kaa, hata Masolwa mchungaji anayenywesha ng'ombe wake pale, naye alikuja amevaa kofia ya kuazima.

Masika haya, siku moja kule mbugani, alinyeshewa kutwa nzima. Homa ikapanda, kifua kikabana. Hakufika mwisho wa juma. Bwana Yoramu Mihayo alifariki nyumbani kwake Tabora, mkono wake umo mikononi mwa Bibi Leonia, na shauri la Ilomelo lilikuwa bado halijasikilizwa. Narudia: alikufa hajui kama mbuga yake itapona. Hilo ndilo linaloniuma mimi.

Na kwenye msiba kulikuwa na aibu ndogo ambayo Tabora haitaisahau. Waombolezaji walitafuta picha ya marehemu waiweke juu ya jeneza. Haikuwepo. Mtu aliyetupiga picha sote hakuwa na picha yake hata moja! Waliweka kofia yake. Wakamsindikiza Sikonge, wakamzika karibu na babu yake mpagazi.

Baada ya mazishi, Dionis, fundi mwenzake wa studio, alifungua kamera iliyorudi kutoka mbugani akakuta filamu ndani yake. Akaisafisha. Alipoona picha ya mwisho alifunga mlango wa studio, akampelekea Bibi Leonia mkononi mwake. Nilimuuliza Bibi Leonia alifanya nini alipoiona. Aliniambia, "Niliishika mpaka chakula kikaungua jikoni."

Juma lililopita baraza lilikaa. Mimi nilikuwepo, nimeketi nyuma na mashine yangu ya kunasa sauti. Bibi Leonia aliingia na nguo zake nyeusi za ujane, na nyuma yake Mama Nyamizi na wafinyanzi. Wazee walitazamana. Mtemi akasema waacheni. Bibi Leonia hakutoa hotuba. Alifungua kanga, akagawa picha.

Mngesikia baraza lile! "Ala! Huyu si mke wangu?" "Huyu mama Shija, na kanga niliyomletea Nzega hiyo!" "Jamani Masolwa na kofia ya nani?" Wazee wazima wanacheka, wanagombania picha, wanaonyeshana kwa vidole. Ofisa, ambaye ni mgeni wilayani, akauliza kwa mkalimani, watu hawa wote ni wa wapi? Akajibiwa na baraza zima kwa pamoja, wa hapa hapa. Wa Ilomelo.

Picha ya mwisho ikamfikia Mzee Lugembe. Nilikuwa namtazama. Aliitazama akacheka, "Koti la Yoramu hili! Nani kalitia majini?" Wenzake wakainama kutazama. Ni kweli, lilikuwa lile koti letu jeusi, ambalo kila mwanamume aliyeketi barazani pale amewahi kulivaa. Aliyelivaa alikuwa amesimama kwenye maji mpaka magotini, tai imefungwa sawasawa, mikono imenyooka. Mzee Lugembe akasogeza picha karibu na macho. Kicheko kikamtoka usoni. Akavua kofia.

"Ni mwenyewe," alisema.

Hakuna aliyewaambia wasimame. Walisimama mmoja mmoja, na mtemi akasimama. Nilikuwa nanasa sauti, na nikisikiliza ukanda ule sasa sisikii neno, nasikia viti tu.

Baraza likakataa mfereji. Nusu ya chini ya Ilomelo haitaguswa, na ofisa akasema atapeleka jibu hilo kama lilivyo. Nusu ya juu haitarudi. Nasema wazi ili mtu asiende nyumbani akidhani tumeshinda. Nusu ya Ilomelo imekufa, na Yoramu amekufa.

Lakini nani alimpiga picha ile ya mwisho? Nilimfuata Mama Nyamizi nje, nikamuuliza. Haya ndiyo maneno yake.

"Alikuja siku ile anakohoa, na koti amelifunga kwenye baiskeli. Akalivaa pale pale kwenye matete. Akaniambia, mama, nami naomba niwemo. Akanionyesha pa kubonyeza. Akaingia majini. Nikatia jicho kwenye lile sanduku, namwona yuko pembeni kabisa, nusu ndani nusu nje. Nikamwambia, Yoramu, sogea kidogo. Weee! Akainamisha kichwa, akaanza kutoka majini. Alidhani namlipiza, namtoa. Nikampigia kelele, siyo huko, mwanangu! Huku! Ingia katikati. Akasimama analia. Nikamsubiri ajifute, nikamwambia, usipepese."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yenu nyote natoa pole kwa Bibi Leonia, kwa Benedikta na wadogo zake, kwa ukoo wa Mihayo kule Sikonge, kwa Dionis, na kwa watu wote wa Ilomelo, ambao nao wamefiwa. Mungu amlaze mahali pema. Nanyi mnaoishi karibu na maji, iwe mbuga, kinamasi au dimbwi tu la kunyweshea mbuzi, kesho asubuhi nendeni mkalitazame. Tazameni nani anainama pale, anachota nini, anaimba nini. Mtazame kabla hajaja mtu kuwaambia kwamba hapana mtu.

Koti limerudi kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Pindo lina tope kavu la Ilomelo, na Bibi Leonia amekataza lisifuliwe. Wateja wanalivaa hivyo hivyo. Na juu ya turubai la ngazi na maua ya Ulaya, Dionis ametundika ile picha moja.

Buriani, Bwana Yoramu. Umo katikati.